Programu, mtaalamu au ufunguo wa utambuzi: njia ipi ya kumtambua mbawakawa wa pembe ndefu kwa picha?

Mbawakawa wa pembe ndefu ni familia kubwa mno. Wanasayansi huiita Cerambycidae, na spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 35,000. Ukimkuta mmoja usiyemfahamu juu ya gogo au ukutani penye taa, vipapasio vyake vikiwa virefu kuliko mwili, ukampiga picha kabla hajaruka, una njia tatu za kupata jina lake. Unaweza kuipa picha programu ya simu, kumwonyesha mtu aliyezoea wadudu hawa, au kuketi mwenyewe na ufunguo wa utambuzi ukajibu swali moja baada ya jingine.

Watu huniuliza ipi ni bora. Jibu langu linategemea mambo mawili: picha yako inaonyesha nini, na jina hilo utalifanyia nini. Anayetaka kuridhisha hamu ya kujua na anayeshuku kwamba mdudu huyu ataangamiza miti ya mtaa mzima hawapaswi kutumia njia moja.

Kabla ya yote: je, ni yeye kweli?

Vipapasio virefu peke yake havitoshi. Kuna panzi wenye vipapasio virefu kupita mwili, na mtu akiwaona gizani huwachanganya. Tazama mgongo: mbawakawa ana mabawa mawili ya juu yaliyo magumu, yanayokutana katikati kwa mstari ulionyooka.

Wagumu zaidi ni mbawakawa wa familia nyingine wenye mwili mwembamba na vipapasio vya wastani, kama Oedemeridae na Cantharidae. Kwao, angalia mahali kipapasio kinapoota. Kwa wengi wa pembe ndefu, jicho limebonyea kwa ndani kama limemegwa, na kipapasio kinatokea penye ule umego. Kisha angalia unyayo. Ukihesabu pingili utaona nne, ya tatu ikiwa pana na imepasuka katikati ikawa na pande mbili. Kwa kweli ziko tano, ila ya nne ni ndogo sana na imefichwa ndani ya ya tatu. Alama hiyo ya unyayo wanayo pia jamaa zao wa karibu, mbawakawa wa majani wa familia ya Chrysomelidae, kwa hiyo usiitumie peke yake.

Na usimkatae mbawakawa kwa sababu vipapasio vyake ni vifupi. Nusufamilia (kundi dogo ndani ya familia) ya Parandrinae wana vipapasio vifupi na hao pia ni wa ukoo huu. Katika spishi nyingi jike ana vipapasio vifupi kuliko dume kwa tofauti kubwa.

Programu ya simu

Programu kama iNaturalist, Seek na Google Lens zinapendwa kwa haki. Zinajibu papo hapo, hazichoki, na kwa mbawakawa anayepigwa picha sana zinasema kweli mara nyingi. Mchukue Rosalia alpina wa milima ya Ulaya, mwenye rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu, madoa meusi na mafungu ya vinyweleo vyeusi kwenye vipapasio. Ukiielekeza simu kwake, jina linatoka bila shida, na hakuna haja ya kumsumbua mtaalamu.

Lakini ni muhimu kujua programu inafanya nini. Haihesabu pingili wala haitazami kama uso umesimama au umelala. Imefunzwa kwa wingi wa picha zenye majina, na inachofanya ni kupima picha yako inafanana na kundi lipi kati ya yale iliyofunzwa. iNaturalist ilianza mwaka 2008, na uwezo wa kupendekeza jina kwa kompyuta uliongezwa mwaka 2017. Tangu hapo umekua sana, ila bado unajua tu spishi zenye picha za kutosha. Spishi ambayo haijafunzwa, programu haiwezi kuitaja. Itakachokupa ni jina la jamaa yake anayefanana naye, na jina hilo litaandikwa vizuri na kwa herufi zilezile kama jibu sahihi.

Hapo ndipo tatizo la mbawakawa wa pembe ndefu lilipo. Ulaya na Amerika Kaskazini picha ni nyingi na spishi zinafahamika. Katika tropiki spishi ni nyingi zaidi na picha ni chache, kwa hiyo programu ileile iliyokuwa hodari kwa Rosalia inaweza kubabaika mbele ya mbawakawa wa kahawia aliyetoka kwenye gogo la msitu wa mvua.

Kuna jaribio dogo ninalolipendekeza kila mara. Usiipe programu picha moja. Ipe picha mbili au tatu za mdudu yuleyule, kila moja kutoka pembe tofauti, na kila moja kivyake. Yakija majina tofauti ya spishi lakini jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, ni ileile, chukua jenasi uache spishi. Hata jenasi zikitofautiana, nusufamilia ikilingana, umepata nusufamilia, na hilo si jambo dogo. Majibu yakiruka kutoka familia hadi familia, ujue picha yako haisemi kitu kwa mashine, nenda njia nyingine.

Hakikisha pia mahali pamewekwa sawasawa. Pendekezo linalozingatia eneo huondoa spishi nyingi zisizowezekana. Google Lens, kwa upande wake, hutafuta picha zinazofanana kwenye intaneti, na jina unaloliona ni lile lililoandikwa kando ya picha ya mtu mwingine. Kama yule mtu alikosea, nawe unarithi kosa lake. Kwa sababu hiyo mimi huitumia Google Lens kupata mwelekeo tu. Seek ina tabia ninayoipenda: hupanda ngazi kutoka kundi kubwa kwenda dogo, na isipokuwa na uhakika huishia kwenye familia au jenasi.

Jicho la mtu aliyezoea

Mtaalamu, awe msomi wa makumbusho au mpenzi wa wadudu aliyekaa nao miaka mingi, ana jambo moja ambalo programu haina: anajua kuuliza. Ulimkuta kwenye mti gani? Mwezi gani? Alikuwa mchana juu ya ua, au usiku kwenye taa? Mbawakawa wa pembe ndefu wameshikamana na miti, kwa kuwa lava wao (watoto wenye umbo la funza) wengi hukulia ndani ya mbao, na wapo wanaokula kundi moja tu la miti. Jibu la swali la mti linaweza kuondoa nusu ya majina yaliyokuwa yanawezekana.

Mtaalamu anajua pia dume na jike wanavyotofautiana. Stictoleptura rubra wa Ulaya ni mfano mzuri. Jike ana mabawa na bamba la kidari (ngao ya juu, kati ya kichwa na mabawa) vyenye rangi nyekundu inayoelekea kahawia. Dume ni mdogo zaidi, mabawa yake ni ya kahawia-manjano, na kichwa na kidari chake ni vyeusi. Mtu asiyewajua angeapa kwamba ni spishi mbili. Kadhalika anajua kwamba madoa mengi ya mbawakawa hawa ni vinyweleo, si rangi ya gamba, na mdudu mzee aliyekwaruzana na magome kwa wiki kadhaa anaweza kuwa amepoteza nusu ya madoa yake. Vilevile rangi ya metali hubadilika kwa pembe ya mwanga: kijani huweza kuonekana buluu au shaba.

Jambo la thamani kuliko yote ni kwamba mtaalamu anaweza kusema, "Kwa picha hii haiwezekani." Wengi huvunjika moyo wakisikia hivyo. Mimi naona ni jibu bora kuliko jina lililokisiwa. Zipo spishi zinazotenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na hapo hakuna picha ya mgongo itakayosaidia, hata iwe kali namna gani.

Kasoro za njia hii? Kusubiri, kwanza. Pili, utaalamu una mipaka. Aliyebobea kwa mbawakawa wa maua wa Ulaya hana lazima ya kuwajua Lamiinae wa Afrika. Nusufamilia hiyo pekee ina spishi zaidi ya 20,000, na mtaalamu mmoja wa karne ya 20, Stephan von Breuning, aliyeishi 1894 hadi 1983, aliongeza humo maelfu ya majina. Kuyapanga na kuyahakiki majina hayo ni kazi inayoendelea hadi leo katika makabati ya makumbusho.

Tatu, tahadhari na kukubaliana kwa watu. Kwenye iNaturalist picha hupewa daraja la kufaa utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanapokubaliana kwenye spishi, na watu wawili wanatosha. Ni utaratibu mzuri, lakini ukiona wa kwanza kachukua pendekezo la mashine na wa pili kaitikia tu, umebaki na maoni ya mashine peke yake. Uliza kwa heshima: "Umemtambua kwa alama gani?" Anayejua atakutajia alama, nawe utaitafuta kwenye picha yako.

Ufunguo wa utambuzi

Hii ndiyo njia ngumu, na ndiyo inayofundisha. Ufunguo hukupa hoja mbili zinazopingana, unachagua moja, nayo inakupeleka kwenye hoja mbili nyingine, mpaka ufike kwenye jina. Unahitaji picha za kina au mdudu mwenyewe, na ufunguo uwe wa eneo alikopatikana. Ukitumia ufunguo wa bara jingine utafika kwenye jina hata kama si lake, kwa kuwa ufunguo hauna mahali pa kusema "mdudu wako hayumo humu".

Hata kama hutaki kuufuata hadi mwisho, jifunze hatua zake za mwanzo, zile za kutenganisha nusufamilia. Dakika chache za kutazama uso zitakulinda dhidi ya makosa mengi ya programu.

Mtazame kwa ubavu. Kama uso umeshuka wima, au hata umerudi nyuma, mdomo ukielekea ardhini, huenda ni wa Lamiinae. Hakikisha kwa kutazama vile vipapasio vidogo vya mdomoni: pingili ya mwisho imechongoka. Kama uso umeinama kwa mbele, mdomo ukitazama mbele, na pingili hiyo ya mwisho ni butu kama imekatwa, fikiria Cerambycinae, ambamo wamo wengi wenye rangi za metali na wale wanaoiga nyigu kwa mistari ya manjano na nyeusi, kama Clytus arietis.

Prioninae huwa wakubwa, wa kahawia au weusi, na kingo za bamba la kidari zina makali yenye meno au miiba. Humo yumo Titanus giganteus wa misitu ya Amerika Kusini, anayeweza kupita sentimita 16. Lepturinae ni wale wa kwenye maua: mabega mapana, mwili unaopungua kuelekea mkiani, na nyuma ya macho kichwa kimebanwa kikafanya shingo.

Uone basi picha inavyopaswa kuwa. Picha ya mgongo pekee, ambayo karibu kila mtu huipiga, haionyeshi uso, wala mdomo, wala unyayo. Piga moja ya juu kabisa mwili mzima ukionekana pamoja na ncha za vipapasio, moja ya ubavu kwa usawa wa mdudu, moja ya uso, na moja ya karibu mahali kidari kinapokutana na mabawa. Ukiweza kuweka rula kando yake, weka. Tumia mwanga wa kivulini kuliko wa kamera, kwa sababu mmweko huacha doa jeupe juu ya gamba linalong'aa na kufuta ile mikwaruzo na vishimo ambavyo ufunguo utakuuliza. Mti alipokuwa upige pia, jani na gome.

Njia tatu mbele ya mbawakawa mmoja mweusi

Tuseme picha yako ni ya mbawakawa mkubwa mweusi mwenye madoa meupe na vipapasio vyenye pete nyeupe na nyeusi. Swali hili ni zito, kwa sababu mmoja wa wanaofanana hivyo ni Anoplophora glabripennis, mzaliwa wa China na rasi ya Korea, aliyesafiri duniani ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Aligunduliwa Brooklyn, New York, mwaka 1996, Chicago mwaka 1998, na Braunau nchini Austria mwaka 2001. Worcester, Massachusetts, aliripotiwa na mkazi mwaka 2008, na zaidi ya miti 30,000 ikakatwa katika jitihada za kumwondoa. Lava wake hutoboa miti iliyo hai na yenye afya, hasa ya jenasi Acer, yaani miti ya maple.

Ukiipa programu picha ya mgongo, inaweza kutaja Anoplophora, au inaweza kutaja Monochamus scutellatus, mzaliwa wa Amerika Kaskazini anayeishi kwenye misonobari na jamaa zake, hasa iliyo dhaifu au iliyokwisha kufa. Wote wawili ni Lamiinae, wote wana mwiba ubavuni mwa kidari, wote wana vipapasio virefu. Programu inaona ufanano wa jumla, na ufanano upo.

Alama inayowatenganisha ni ndogo na iko mahali pamoja: kile kibamba kilicho katikati, pale mabawa mawili yanapoanzia nyuma ya kidari. Kwa Monochamus scutellatus kibamba hicho ni cheupe. Kwa Anoplophora glabripennis ni cheusi. Gamba nalo linasema: la Anoplophora linang'aa kama limepakwa vanishi na madoa yake yana mipaka wazi, la Monochamus limefifia na lina mikwaruzo. Mtu anayejua hutazama hapo kwanza, na kwa picha nzuri ya karibu hata wewe utaona mara moja.

Yupo wa tatu, Anoplophora chinensis, anayependa pia michungwa na jamaa zake. Huyu ni mweusi anayeng'aa, ana madoa meupe na pete kwenye vipapasio, kibamba hakitakusaidia sana. Tazama mwanzo wa mabawa, mabegani: chinensis ana vijipele vidogo vingi, glabripennis ni laini. Hapa ndipo nisipoiamini programu hata kidogo, na hapa ufunguo unashinda kwa kuwa unakuuliza kitu hichohicho kwa jina lake. Na hapa pia picha yenye mmweko wa kamera mabegani inakuwa haina kazi.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi. Kwenye mikaratusi wako mbawakawa wawili wa asili ya Australia waliosambaa mabara mengi, Phoracantha semipunctata na Phoracantha recurva. Semipunctata ana mabawa yenye kahawia iliyokoza kwa sehemu kubwa, mkanda wa rangi ya maziwa ukikatiza katikati. Recurva ana rangi ya maziwa au manjano kwa sehemu kubwa ya bawa, na upande wa chini wa vipapasio vyake una vinyweleo virefu vya dhahabu vilivyosongamana. Programu huweza kuwatenganisha kwa rangi kama picha ni ya juu na mwanga ni mzuri. Mtu atavitaka vinyweleo. Kwa pamoja wanakupa jibu la kuaminika bila kumkamata mdudu.

Uchague ipi, basi

Picha moja, ya mgongo, na hamu ya kujua tu: programu inatosha, ila lichukue jina la spishi pale tu mdudu ana sura isiyofanana na mwingine wa eneo lake. Vinginevyo andika jenasi. Katika maandishi ya kisayansi ni kawaida kabisa kuandika Monochamus sp., yaani spishi fulani ya Monochamus isiyotajwa, na kuachia hapo.

Picha kadhaa zenye uso na ubavu, na mdudu wa nchi zenye spishi nyingi zisizopigwa picha: anza na hatua za nusufamilia mwenyewe, kisha mpelekee mtu. Mwambie umefika wapi na kwa alama zipi. Mtaalamu akipata swali lililokwisha kupunguzwa hivyo hujibu upesi zaidi na kwa undani zaidi, kwa sababu kazi ya kuanzia umeshamfanyia.

Picha yenye ukungu ya zamani isiyoweza kurudiwa: usiipotezee muda kwenye ufunguo. Programu itakisia. Mtu mzoefu ndiye pekee anayeweza kusoma umbo, mkao na mahali akakwambia ukomo wa picha hiyo.

Kama unashuku mgeni mharibifu kama Anoplophora, programu na mijadala viwe vya kuokoa dakika tu. Mkamate mdudu, mtie kwenye chupa au kopo lenye kifuniko, mgandishe kwenye friza, kisha wasiliana na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi uliyopo. Wapelekee picha zote, tarehe, mahali na aina ya mti, pamoja na picha ya tundu kama lipo: la Anoplophora glabripennis ni la mviringo, la takriban sentimita moja. Na kuni au magogo ya mti ule yasihamishwe kwenda popote mpaka wamekujibu.